Ladha ya Kidole

Darasani nina chaki tatu: kahawia ya kontua,
buluu ya mito, nyeupe ya barabara.
"Mistari ikibanana," nawaambia Kidato cha Pili,
"jueni mlima umesimama wima."
Hakuna aliyewahi kuniuliza
ukungu unachorwa kwa chaki gani.

Jumamosi moja ya Februari, juu ya Kidabaga,
wenzangu walishika njia ya kushoto.
Mimi nikashika ya kulia, na ubishi wangu mkononi
kama bakora.
Hata simu ilikubaliana nami, kwa dakika kumi,
kisha ikafumba jicho.

Ukungu wa Kilolo haushuki. Unapanda.
Unatoka bondeni kama ng'ombe warudio zizini,
unakupita magotini, kiunoni,
unakunusa uso,
na kati yenu ni wewe tu usiyejua kwenu.

Nikavuka vijito vitatu. Au kimoja mara tatu.
Buti la kushoto likafungua mdomo, likaanza kunywa matope.
Biskuti ya mwisho ililowa mfukoni
ikagandana na risiti; nikazila zote mbili.

Saa moja usiku nikasikia
to.
Kimya.
To. To.
Si mvua. Mvua haina subira hiyo.

Nikaifuata, mikono mbele,
kama mtu atafutaye swichi nyumba ya ugenini,
nikagusa mwanzi. Na mwingine. Na mwingine:
shamba zima limekatwa vichwa,
kila mwanzi ukilia taratibu ndani ya mbeta yake.
Nikachovya kidole. Nikalamba.
Mtogwa, mbichi wa leo leo, baridi, mtamu.

"Toa mkono," likasema panga.
Au mwenye panga, sikumwona;
niliona tochi na makali tu.
"Kumbe ni wewe! Wiki mbili unanikaushia ulanzi!"
"Kamwene, mama," nikajibu,
na Kihehe changu chote kikaishia hapo.
"Kamwene. Mwizi mwenye adabu."

Aliitwa Twilumba Kikoti.
"Mwalimu wa jiografia naye hupotea?"
"Hupotea."
"Haya, keti. Mwizi mwingine akija, umepona.
Asipokuja, kukicha tunakwenda kwa mwenyekiti."

Basi nikawa mlinzi na mlindwa,
gunia moja, blanketi moja, panga katikati.
Akanimenyea kiazi cha kuchoma, nusu tu,
kama mtu ambaye hajaamua hukumu.
Akaniambia ada ya kitindamimba wake, Nolasco,
imo kwenye mbeta ya nne na ya tano;
madaftari yamo ya sita.
"Anayekunywa hapa anakunywa shule."
Nikakificha kidole changu chini ya blanketi.

Saa nane, kilio cha kichanga juu ya mianzi.
Tochi. Mkia mrefu umeushika mwanzi,
kichwa kizima kimezama ndani ya mbeta ya tano.
Komba.
Akatoa uso, ndevu zikidondoka ulanzi,
akatutazama kama bwana afisa aliyeingiliwa bila hodi,
akapiga chafya,
akateleza, akaporomoka hadi kwenye majani
na kulala palepale, tumbo juu, chakari.

Maisha yangu yote nimesema fulani kalewa kama komba.
Sikuwahi kumwona komba.
Nilimjua kama nilivyoijua milima.

Twilumba alicheka hadi panga likamtoka mkononi.
"Sasa huyu," akasema akijifuta machozi,
"nimpeleke kwa mwenyekiti nimemshika wapi?"

Asubuhi ukungu ukavuliwa kama shuka,
na Kidabaga ilikuwa pale chini, bati kwa bati,
karibu mno, jogoo wake wananizomea.
Kileleni sikufika.
Nilimwachia shilingi elfu moja, ya kidole.
Alinitazama. Akafungua kanga, akahesabu,
akanirudishia mia nane.
"Kidole," alisema, "hakinywi hivyo."